Elimu ya Anga Iko Ngomeni, Wanetu Wako Wapi?



Baada ya kumhimidi Mola na kumtakia rehema Mtume wake, wiki hii tumeonelea tuzungumze na wazazi na walimu juu ya jambo ambalo wengi wetu huliona kuwa la watu wa mbali, nalo ni elimu ya anga: elimu ya ndege, roketi na setilaiti. Tumelichagua kwa sababu mwanafunzi wa Gredi ya 9 siku hizi hutakiwa achague mkondo wa masomo atakaoufuata katika sekondari ya juu. Uamuzi huo aghalabu hukatwa nyumbani kwa dakika chache, nao huweza kumfungulia mtoto mlango au kumfungia kwa miaka mingi.

Na tuanze na la jirani. Kaskazini mwa Malindi, mbele ya kijiji cha Ngomeni, kuna majukwaa ya chuma yaliyosimamishwa baharini. Kutoka hapo Waitaliano, wakishirikiana na Wamarekani, walirusha setilaiti kadhaa baina ya mwaka 1967 na 1988. Mahali hapo hapakuchaguliwa ovyo. Dunia hujizungusha kutoka magharibi kwenda mashariki, na kasi yake ni kubwa zaidi kwenye ikweta, kiasi cha kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayorushwa karibu na ikweta ikaelekea mashariki huanza safari ikiwa imekwisha kupata msaada wa kasi hiyo, mfano wa chombo kinachotoka bandarini na maji yakipwa. Ngomeni iko kiasi cha nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, na mashariki yake ni bahari tupu, ambako vipande vya roketi vikianguka haviangukii nyumba ya mtu.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikisherehekea miaka 7 ya kujitawala, ilirushwa hapo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei itokayo mbinguni. Miale hiyo haifiki ardhini kwa kuwa hewa huizuia, basi hapana budi chombo cha kuipimia kipandishwe juu ya hewa. Setilaiti hiyo ilipewa jina la Uhuru kwa heshima ya siku ile, na kazi yake yote ilisimamiwa na mwanamke, mhandisi Marjorie Townsend wa Marekani. Mwanasayansi aliyeongoza utafiti wake, Riccardo Giacconi, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Hivyo neno letu la Kiswahili limo katika vitabu vya falaki ulimwenguni kote, likiwa limepaa kutoka pwani hii hii.

Leo roketi hazirushwi tena Ngomeni, lakini kituo kingalipo, nacho hufuatilia setilaiti na kupokea habari zake. Mapatano ambayo Kenya na Italia zilitiliana saini mwaka 2016 yanataja pia elimu na mafunzo kwa Wakenya. Swali letu ni hili: nafasi kama hizo zikitangazwa, ni watoto wa nani watakaokuwa na sifa za kuziomba? Aliyeiacha fizikia na hisabati hawezi kuziomba, hata kama nyumba yao inaonekana kutoka kwenye lango la kituo.

Tunazijua hoja za wazazi, nazo zastahili kujibiwa kwa adabu. Wako wasemao kuwa elimu hii si yetu. Twawajibu kuwa manahodha wetu walivuka bahari kwa nyota, wakiijua kaskazi na kusi. Wakulima nao walikitazama Kilimia ili wajue majira, na wazee wakasema, Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Nyakati za sala, upande wa kibla na hesabu ya mwezi, vyote ni falaki. Anayemfundisha mtoto wake kuelekea kibla amekwisha kumfundisha somo la kwanza la elimu hii.

Wako wanaohofia dini ya mtoto. Mwaka 2007 Mmalaysia Sheikh Muszaphar Shukor alipanda kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga katika mwezi wa Ramadhani. Wanazuoni wa nchi yake walikaa kabla ya safari, wakamwandalia mwongozo wa namna ya kusali na kuelekea kibla akiwa huko juu. Hawakumwambia asiende. Walimtayarishia njia ya kwenda na ibada yake.

Na wako wasemao kuwa hiyo si kazi ya mwanamke. Katika karne ya 10, mjini Halab, al-Ijliyya bint al-Ijli alijulikana kwa kutengeneza astrolabu, ala ya kupimia nyota, katika utawala wa Sayf al-Dawla. Mwezi Mei mwaka 2023, Rayyanah Barnawi wa Saudi Arabia, mtafiti wa maradhi ya saratani, alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kiarabu kwenda anga za juu. Hapa kwetu, Irene Koki Mutungi alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuwa kapteni wa ndege aina ya Boeing 787. Tukimzuia binti, tusiisingizie dini wala maumbile.

Sasa tuje kwenye milango yenyewe. Kwa walimu na watoto wadogo, uko mpango wa GLOBE, ambao Kenya ni mshiriki wake. Wanafunzi hupima mvua, joto na mawingu shuleni mwao, kisha vipimo vyao huingizwa katika hazina inayotumiwa na wanasayansi wa dunia nzima, wakiwemo wa NASA. Mama mwenye simu aweza kuweka programu ya GLOBE Observer bila malipo, akakaa na mwanawe baada ya Alasiri wakatazama mawingu na kuyaandika. Aidha, tarehe 4 hadi 10 Oktoba kila mwaka ni Wiki ya Anga Duniani, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa. Shule na madrasa zaweza kuitumia kuwaonyesha watoto sayari na nyota, tena bila gharama.

Kwa waliomaliza sekondari, kiko chuo cha usafiri wa anga cha Afrika Mashariki, kilichoko Embakasi, Nairobi. Urubani una gharama kubwa kwa kuwa kila saa ya kuruka hulipiwa, lakini ndege haiendeshwi na rubani peke yake. Wako wanaoiongoza kutoka mnarani, mafundi wanaoikagua na wanaopanga safari zake, na hizi zote ni kazi za heshima.

Kwa wanafunzi wa chuo kikuu, mfano upo. Tarehe 11 Mei 2018, setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mchemraba wa sentimita 10 kila upande, iliachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Ilipata nafasi hiyo kupitia mpango wa Umoja wa Mataifa na Japani unaosaidia taasisi za elimu za nchi zinazoendelea. Tarehe 15 Aprili 2023 ikafuata Taifa-1, setilaiti ya Shirika la Anga la Kenya, ambayo wahandisi wa Kenya walishiriki kuibuni. Waliofanya kazi hizo walikaa katika madarasa kama ya wanetu.

Hatusemi kwamba njia ni nyepesi. Shule nyingi za pwani zina upungufu wa maabara, na kumpeleka binti Nairobi ni jambo la kutia wasiwasi. Lakini wasiwasi una dawa: tuulizie mabweni, tutafute jamaa wa kumwangalia, twende tukaone kwa macho yetu. Kumkatalia kabla hatujauliza ni kumdhulumu.

Basi, wazazi wenzetu, kabla fomu ya kuchagua mkondo haijajazwa, kaeni na mtoto na mwalimu wake wa hisabati, mumsikilize anapenda nini na anaweza nini. Nanyi walimu, mtoto wa kike akiuliza habari za nyota, msimcheke.

Twamwomba Mola awape wanetu elimu yenye manufaa, na atupe sisi hekima ya kutowazibia njia. Amin.

Wabillahi tawfiq.