Anayeorodheshwa CRB si lazima awe mdaiwa

Mchuuzi wa samaki katika soko la Kibuye, mjini Kisumu, anaponyimwa mkopo kwa kuwa jina lake limo katika orodha ya wasiolipa madeni, aghalabu huambiwa neno moja tu: lipa. Ni nadra kuelezwa kwamba huenda orodha yenyewe ina makosa, na kwamba sheria inamruhusu kuipinga.

Haki hiyo si hisani ya benki. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari za uongo ama za kupotosha zinazomwathiri. Chini ya kanuni za mashirika ya kutunza rekodi za mikopo (CRB), mteja anaweza kupata ripoti yake bila malipo mara moja kwa mwaka na kuwasilisha malalamishi. Mkopeshaji ndiye atakayetakiwa kuthibitisha deni. Akishindwa, habari hizo sharti zirekebishwe au ziondolewe.

Hata hivyo, deni la kweli halifutiki kwa malalamishi. Rekodi yake hubakia kwa miaka mitano hata baada ya kulipwa, ingawa huonyesha kuwa limelipwa. Mawakala wanaojigamba kwamba watasafisha jina kwa siku moja, kwa ada, wanauza hewa.

Mnamo Novemba 2022, Benki Kuu ya Kenya ilitangaza mpango wa kuwapunguzia angalau nusu ya deni wateja waliolemewa na mikopo ya simu ya siku 30 au chini. Mpango huo, uliokamilika Mei 2023, ulilenga watu wapatao milioni 4.2. Ulikuwa wa manufaa, ila ulichukulia kwamba kila deni ni halali. Aliyeorodheshwa kimakosa na akaukubali alilipa nusu ya asichodaiwa.

Aidha, haukugusa kiini cha tatizo la ziwani. Uvuvi wa omena hufungwa kwa kawaida kuanzia Aprili hadi Julai, ilhali mkopo wa simu hausubiri msimu. Mama anayeanika omena Usenge au Mbita anaweza kuorodheshwa kabla ya mashua kurejea majini.

Kwa aliyekwisha kulipa, silaha yake ni ujumbe wa M-Pesa. Ikiwa ameufuta, kampuni ya simu inaweza kumpa taarifa ya malipo, naye aiambatanishe na malalamishi yake.