SIKU ZA KUDAI HAKI ZISIWE MTEGO



Twaandika leo juu ya jambo lisilopiga kelele, ila laweza kumnyang'anya mtu haki yake pasipo yeye kusikia. Jambo lenyewe ni hesabu ya siku.

Mfanya kazi wa Leta anabaguliwa. Mwenzake wa kazi ile ile anapandishwa cheo kwa sababu ya kabila au ukoo, yeye anaachwa chini. Au mama karani anaondolewa mezani pake kwa sababu ana mimba. Au mtu anahamishwa mbali kwa ajili ya mawazo yake ya siasa. Je, watu hao hawana sheria? Wanayo. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 13, yasema kwamba Mkongomani asibaguliwe katika kupata kazi za Leta, wala katika jambo jingine lolote, kwa ajili ya dini, ukoo, mahali anapokaa, mawazo yake au kabila lake. Kifungu cha 14 kinakataza ubaguzi juu ya wanawake. Maneno hayo ni mazuri sana. Lakini haki hiyo ina mlango, na mlango una saa ya kufungwa. Anayefika kwa kuchelewa haulizwi kama alionewa. Anaulizwa tu: barua yako ni ya tarehe gani?

Tueleze njia yenyewe, maana wengi hawakuelezwa kamwe. Sheria ya mwaka 1982 juu ya taratibu za Mahakama Kuu iliweka miezi mitatu mara tatu. Kwanza, aliyeonewa na barua ya mkubwa alipewa miezi mitatu ya kumwandikia mkubwa huyo huyo, akimwomba aifute au aigeuze. Pili, mkubwa alipewa miezi mitatu ya kujibu. Tatu, akikataa, mlalamikaji alipewa miezi mitatu mingine ya kwenda mahakamani. Tena wakubwa wa jimbo walishtakiwa mbele ya Mahakama ya Rufani, na wakubwa wa juu mbele ya Mahakama Kuu huko Kinshasa. Baadaye Katiba ya 2006 ilitaka mahakama za peke yake kwa mambo ya utawala, na sheria ya tarehe 15 Oktoba 2016 ikazipanga, juu yake ikiwa ile iitwayo Conseil d'État. Majina yamebadilika, lakini mlango wa kwanza umebaki: lalamiko kwa mkubwa kwanza, kwa maandishi, ndani ya siku zilizowekwa, ndipo mahakama.

Sasa mtazame mtego ulivyotegwa. Mkubwa asipojibu, sheria ile ilihesabu kimya chake kuwa ni kukataa. Kwa hiyo siku za kwenda mahakamani zilianza kukimbia bila barua, bila muhuri, bila mtu kubisha hodi. Mlalamikaji amekaa barazani asema: "Hawajanijibu bado, nangoja." Kumbe wamekwisha kumjibu kwa kunyamaza! Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa haiumizi matumbo tu, yaua kesi nzima.

Nasi tunayo desturi yetu. Mtu akionewa kazini hakimbilii mahakama. Humtafuta mzee, au padri, au ndugu wa mkubwa, amwombee polepole. Desturi hiyo ni njema, imezima magomvi mengi. Lakini tujue wazi kwamba maneno ya mzee hayasimamishi saa. Mzee aende kwa mkubwa jioni, na barua iwe imekwisha kupelekwa asubuhi. Barua si matusi. Yaweza kuandikwa kwa heshima yote, na mkubwa mwenye busara hatachukia.

Ninyi wa migodini, msidhani haya ni mambo ya makarani wa Teritware peke yao. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 haiwahusu wafanya kazi wa Leta wenye sheria yao, bali yawahusu wenye mkataba wa kazi katika kampuni. Mlango wenu ni mwingine, nao una saa yake. Kwanza inspekteri wa kazi, ili apatanishe. Bila kupita kwake tribinali ya kazi haiwapokei. Mashtaka ya mkataba hufa baada ya miaka mitatu, lakini dai la mshahara hufa baada ya mwaka mmoja. Basi aliyepunjwa mshahara kwa ubaguzi, akajifariji kwamba anayo miaka mitatu, amepoteza. Kila mtu na aulize mapema: mlango wangu ni upi, na saa yake ni ngapi?

Wako watakaotuambia: "Siku lazima ziwe na mwisho. Ofisi haiwezi kukaa miaka kumi ikingoja kushtakiwa. Mashahidi husahau, karatasi huoza, na yule aliyepewa kile cheo naye ana watoto." Ni kweli, wala hatukatai. Sisi makarani twajua faili lisilofungwa lilivyo mzigo. Hatuombi siku zifutwe. Twauliza: zinaanza kuhesabiwa lini? Na je, zinamfunga mnyonge peke yake, au na mkubwa pia?

Maana ubaguzi hauji na tarumbeta. Mtu akipigwa kofi hujua saa ile ile. Lakini atajuaje kwamba mwenzake analipwa zaidi, naye hajaona karatasi ya mshahara ya mwenzake? Huko Marekani mama mmoja, Lilly Ledbetter, alifanya kazi karibu miaka 20 katika kiwanda cha mipira ya magari cha Goodyear ndipo akajua kwamba wanaume wa cheo chake walilipwa kuliko yeye. Mwaka 2007 Mahakama Kuu yao ikamwambia amechelewa, kwa kuwa siku 180 zilihesabiwa tangu mshahara wake ulipoamuliwa. Watu wakapiga kelele, na mwezi wa Januari 2009 ikatiwa sahihi sheria mpya, kwamba kila mshahara wenye ubaguzi ndani yake huanzisha hesabu upya.

Huko huko mfanya kazi wa Leta ana siku 45 tu za kumwendea mshauri wa malalamiko ya ubaguzi. Bwana Marvin Green, mtu mweusi, mkuu wa posta katika jimbo la Colorado, alilalamika kwamba alinyimwa cheo kwa ajili ya rangi yake. Baadaye akabanwa mpaka akajiuzulu. Mahakama za chini zikasema siku zake zimepita. Tarehe 23 Mei 2016 Mahakama Kuu ikasema sivyo: aliyelazimishwa kujiuzulu ahesabiwe tangu siku alipotoa taarifa ya kujiuzulu, wala si kabla. Mwaona, ndugu? Kesi nzima ilipanda mpaka mahakama ya juu kwa ajili ya swali moja tu, siku ya kwanza ni ipi.

Nasi hapa kwetu tunayo sababu kubwa zaidi ya kuuliza. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakaacha nyumba na kazi zao, nao walikuwamo watu waliotumika miaka mingi katika kampuni za Leta. Maelfu walilala kwenye stesheni ya Likasi na watoto wao, wakingoja treni. Je, mtu aliyelala chini pale angehesabu miezi mitatu? Angepeleka barua kwa mkubwa gani, na nani angempigia muhuri? Sheria inayohesabu siku za mtu kama huyo sawasawa na siku za aliyekaa salama nyumbani kwake, hiyo haijui haki. Ng'ambo ya Tanganyika, katika taratibu za mashauri ya kazi za mwaka 2007, waliweka siku 30 kwa aliyeachishwa kazi na siku 60 kwa mashauri mengine, lakini wakaacha na dirisha: mwenye sababu ya kweli ya kuchelewa aweza kuomba apokewe.

Basi twadai mambo manne. Moja, kila barua ya kumshusha mtu cheo, kumhamisha au kumfukuza iandikwe chini yake: lalamiko lipelekwe wapi, na ndani ya siku ngapi, tena iandikwe kwa Kiswahili pia, si kwa Kifaransa tu. Mbili, siku zihesabiwe tangu mtu alipoipokea barua mkononi, na ubaguzi uliofichwa uhesabiwe tangu ulipojulikana. Tatu, ofisi ya Teritware hapa Pweto ipokee karatasi za mahakama na kuzipiga muhuri, maana wakati wa mvua barabara ya Lubumbashi yaweza kula siku za mtu zote. Nne, karani anayekataa kupokea barua ya mlalamikaji aadhibiwe.

Hayo yasipopatikana bado, tujilinde wenyewe. Ukipokea barua, andika juu yake tarehe uliyoipokea. Tengeneza nakala mbili za lalamiko lako, moja uiache ofisini, moja irudi nyumbani na muhuri na tarehe. Mkubwa akinyamaza, usilale. Hesabu kimya chake siku kwa siku. Asiyejua kusoma amwendee mwalimu au mtu wa sendika siku ile ile, si mwezi ujao. Na sisi tunaojua kalamu tusimtoze ndugu yetu hata franka moja kwa kumwandikia ukurasa mmoja.

Wanaobagua huwa na subira, kwa sababu wajua kwamba siku zinawafanyia kazi. Tuzifanye zitufanyie kazi sisi.

Karani wa mgodi, Pweto