Rahisi Huvunja Upishi: Nunua Raiskuka Moja Nzuri, Uitunze



Leo naomba tuzungumze raiskuka. Ndiyo, ile sufuria ya umeme ya kupikia wali. Najua yupo atakayecheka kwamba mada zimekwisha, lakini nipeni dakika zenu. Kwetu visiwani nyumba nyingi siku haiishi bila ya wali, na chombo kinachopika chakula cha kila siku cha familia nzima si kitu kidogo. Hapo pana pesa yetu na muda wetu, na chombo kikiwa kibovu pana hatari ndani ya nyumba zetu.

Nayasema maoni yangu mapema ili tusipotezane. Raiskuka ya bei ya chini inayokufa kila baada ya miezi michache ndiyo israfu. Ile nzuri, iliyonunuliwa mara moja ikatunzwa, si anasa. Wazee wetu walishasema rahisi huvunja upishi. Neno hilo tunalifuata vizuri tukienda kununua samaki na nazi, lakini tukifika kwenye duka la vyombo vya umeme tunalisahau.

Tuache kuitana wavivu

Bi harusi wengi wanapoingia nyumbani na raiskuka yao husikia maneno. "Wanawake wa siku hizi hawajui kupika, wanabonyeza tu." Mara nyingi anayesema ni mwanamke mwenzetu.

Tuangalie chombo hiki kimetoka wapi. Raiskuka ya kwanza ya kujizima yenyewe iliyouzwa kwa wingi ilitolewa na kampuni ya Toshiba huko Japani, mwaka 1955. Aliyeibuni ni Yoshitada Minami, lakini aliyefanya majaribio nyumbani ni mkewe, Fumiko Minami. Alipika wali mara kwa mara, akipima maji, joto na dakika, mpaka ikajulikana ni wakati gani hasa chombo kizime. Mama wa Kijapani wa zama hizo alikuwa akiamka mapema kuwasha moto na kuulinda, kama bibi zetu walivyofanya kwa kuni na makumbi. Kwa hiyo msingi wa chombo hiki ni ujuzi wa mwanamke aliyeujua wali wake barabara.

Na mpaka leo raiskuka ya kawaida inajua jambo moja tu, nalo ni joto. Maji yakiwa yanachemka, joto chini ya sufuria halipandi zaidi ya nyuzi 100 hivi. Mchele ukishayanywa maji yote, joto linapanda, sumaku iliyo katikati ya sahani ya moto inaachia, na kile kitufe kinaruka "ta!" Basi. Haijui kama mchele wako ni mapembe, wa Mbeya au basmati. Haijui tui lako ni zito au jepesi. Hayo unayajua wewe, na ndiyo upishi wenyewe.

Kilichopungua ni kusimama mbele ya seredani ukipepea na kupalia moto, moshi machoni. Usiku wa daku, nusu saa hiyo unaweza kuipa rakaa mbili, au kurasa chache za msahafu, au usingizi tu kwa mwanamke aliyenyonyesha usiku kucha. Sioni kosa lolote hapo.

Dukani: usiangalie rangi ya kifuniko

Ukienda Darajani au Mwanakwerekwe utakuta raiskuka za kila bei, mpya na zilizotumika. Muuzaji atakuonyesha maua ya ubavuni na taa nyekundu. Wewe mwombe akufungulie.

Toa sufuria la ndani ulishike. Kama ni jepesi kama kifuniko cha bati, liache. Sufuria nene linasambaza joto sawasawa, lile jembamba linaunguza katikati na kuacha pembeni mchele mbichi. Lirudishe ndani ulizungushe. Linatakiwa likae sawa juu ya sahani ya moto, lisiyumbe. Kisha bonyeza kile kitufe cha katikati chenye springi kwa kidole. Kishuke na kupanda chenyewe bila ya kukwama, maana ndicho kinachopima joto.

Geuza chombo usome kibandiko cha chini. Umeme wetu ni volti 230. Raiskuka iliyoandikwa 220 hadi 240 inatufaa. Zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani ni za volti 100, na za Marekani ni 120. Ukizichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani zitaungua, pengine siku hiyo hiyo. Ukinunua iliyotumika, jambo hili ni la kwanza kabla hujauliza bei. Angalia na waya: uwe mnene, usiwe umefungwa tepu, na plagi iwe ya pini tatu inayoingia bila ya adapta.

Halafu uliza swali ambalo wengi hatuliulizi: "Sufuria la ndani likichakaa, nitapata jengine?" Kama jibu ni hapana, jua kwamba unanunua chombo cha muda. Na risiti ichukue, uiweke.

Kuhusu ukubwa, hapa ndipo watu wanapokosana na wali wao. Kikombe kinachokuja na raiskuka ni cha mililita 180, kidogo kuliko vikombe vyetu vingi vya chai. Ile mistari iliyochorwa ndani ya sufuria imehesabiwa kwa kikombe hicho. Ukipima mchele kwa kikombe cha chai halafu ukatia maji kwa mstari, utapata wali mgumu, kisha utasema chombo kibovu. Kilo moja ya mchele ni karibu vikombe vile sita na nusu. Raiskuka ya lita 1.8 inachukua vikombe kumi, yaani kilo moja na nusu ya mchele. Familia ya watu sita inatosheka, na mgeni akipiga hodi hatuaibiki.

Wali wa nazi nao una adabu yake

Wengi wanalalamika kwamba wali wa nazi kwenye raiskuka unaungua chini na juu haujaiva. Sababu inaeleweka. Tui zito linashuka chini na kugandamana, joto la chini linapanda kabla ya wakati, na kitufe kinaruka mapema.

Pika kwa tui jepesi la pili pamoja na chumvi. Kitufe kikiruka, mimina tui zito juu, geuza taratibu kwa mwiko, funika, uache dakika kumi kwenye joto la kuwekea. Unakuja wali unaochambuka na harufu ya nazi yote imo. Ukoko utakuwa mdogo, hilo nakubali, na wapenzi wa ukoko watanuna.

Pilau na biriani mimi bado napika kwa sufuria la kawaida. Siyo kila kitu kiingie humo. Na tafadhali, tuache ile tabia ya kukaanga vitunguu ndani ya raiskuka huku kitufe kimebanwa kwa kijiko kisiruke. Kikiruka kinakwambia joto limepita kiasi. Ukikilazimisha, unaiunguza fyuzi ya joto iliyofichwa ndani, na hapo ndipo inapokufa.

Na ikifika kwa fundi, uwe macho. Wapo wanaoitoa fyuzi hiyo na kuunganisha waya moja kwa moja. Chombo kinawaka, unalipa, unafurahi. Lakini fyuzi ile ndiyo mlinzi wa mwisho kabla ya moto. Mwambie fundi aweke nyengine ya aina ile ile, na akisema haina haja, chukua chombo chako uondoke.

Kuitunza ni kazi ya dakika tano

Kitunze kikutunze. Osha mchele kwenye bakuli jengine, usioshee ndani ya sufuria la raiskuka, ili ule utando usichubuke. Futa sufuria chini na ubavuni mpaka likauke kabisa kabla ya kuliweka. Tone la maji au punje moja ya mchele iliyobaki juu ya sahani ya moto inatosha kuharibu mgusano, na wali wa siku hiyo ukaiva upande mmoja.

Pakulia mwiko wa mti au ule wa plastiki uliokuja nao. Kijiko cha chuma na steelwool ziweke mbali. Ukoko ukiganda, tia maji ya vuguvugu, acha nusu saa, utatoka wenyewe. Utando ukianza kubanduka vipande vipande, badilisha sufuria la ndani.

Chombo chenyewe usikitie majini hata siku moja. Chomoa, subiri kipoe, futa sahani ya moto kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri. Kifuniko, tundu la mvuke na kile kikombe cha nyuma kinachokinga maji vioshwe kila mara, maana humo ndimo harufu ya uvundo inamoanzia. Hewa yetu ya bahari ina chumvi na unyevu, chuma kinashika kutu upesi, kwa hiyo usiifunike na kuiweka kabatini ikiwa bado mbichi. Mende nao wanapenda pahala pa joto. Chembe za chakula zikibaki chini ya chombo, wataingia ndani kwenye waya.

Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi kwa kishindo, chombo kisiwepo njiani. Na ichomeke ukutani peke yake, usiibananishe kwenye ekstensheni moja na friji na pasi.

Jambo la kiporo

Kiporo ni chai yetu ya asubuhi, sikusudii kukigombanisha na mtu. Lakini wali uliopikwa ukaachwa ndani ya raiskuka iliyozimwa usiku kucha, kwa joto letu hili, ni hatari. Kipo kijidudu kinachoitwa Bacillus cereus ambacho mbegu zake zinastahimili kupikwa. Wali ukipoa polepole zinaamka, zinaongezeka, na sumu yake moja haiondoki hata ukiupasha moto tena. Ndiyo yale matapishi na tumbo la kuendesha tunayoyasingizia maji.

Ama uuache kwenye joto la kuwekea, uwe wa moto kweli kweli, nyuzi 60 kwenda juu, na kwa saa chache tu. Ama utoe, uutandaze kwenye sinia upoe haraka, kisha uingie kwenye friji ndani ya saa moja au mbili. Hapo kiporo chako cha asubuhi ni halali na salama.

Na umeme je?

Hesabu mwenyewe. Raiskuka ya wati 700 ikipika kwa nusu saa inatumia karibu uniti 0.35. Chukua bei ya uniti unayonunua kwenye Tukuza yako, zidisha, kisha linganisha na makaa unayowasha kwa sufuria moja la wali. Usisahau kuhesabu na kifua chako kinachovuta moshi.

Ila seredani usiitupe. Tunaokaa Unguja hatujasahau mwaka 2008, wala giza la Disemba 2009 hadi Machi 2010, pale umeme unaotoka bara kwa kebo ya baharini ulipokatika. Mwenye nyumba mwenye akili ana njia ya pili.

Neno kwa kina baba, na kwa wanaotunza harusi

Bi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) akifanya nini nyumbani kwake, alijibu kuwa alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani mwake, na wakati wa sala ukifika akitoka kwenda kusali. Kama ndivyo alivyokuwa mbora wa viumbe, basi kupima mchele, kutia maji na kubonyeza kitufe hakumpunguzii mume wala mtoto wa kiume chochote. Raiskuka imeondoa kisingizio cha "mimi sijui moto wa wali." Wafundisheni vijana wenu.

Na nyinyi mashoga wa mchezo na shangazi wa harusi, nawaomba jambo moja. Bi harusi mmoja huletewa raiskuka tatu, zote nyepesi, na mwaka haupiti zote ziko uvunguni. Changisheni hizo pesa za tatu mnunue moja ya maana, pamoja na sufuria la akiba. Mumkabidhi na risiti yake, na mumweleze namna ya kuitunza. Mali ni amana, na tutaulizwa tumeitumia vipi, hata ile ya jikoni.

Allah atubarikie riziki zetu na majiko yetu. Wabillahi tawfiq.