Hata Kichochoro ni Barabara

Shirika la Afya Duniani lina kitabu cha namba za magonjwa na majeraha ambacho hospitali nyingi duniani hukitumia. Toleo la kumi liliidhinishwa mwaka 1990, na ndani yake kuna namba V01.0: mtu wa miguu aliyeumizwa na baiskeli mahali ambapo si barabara ya umma. Yaani kuna watu walikaa mezani wakakubaliana kwamba nyanya aliyegongwa kichochoroni anastahili namba yake. Sisi huku Nyanchwa tunampa maneno mawili tu: "Haikuwa barabarani." Kisha tunamwambia pole na kila mtu anaendelea na shughuli zake.

Mimi nayapinga maneno hayo.

Nyanchwa ni kilima. Wanaokaa juu hushuka mjini Kisii kwa miguu, na njia fupi si ya lami. Ni njia ya panya kati ya ua na ua, udongo mwekundu, na mvua ikinyesha inateleza kama sabuni. Njia hiyo hiyo ndiyo ya baiskeli iliyobeba ndizi kwenda sokoni. Sasa piga hesabu: baiskeli kilo 20, kijana kilo 65, mikungu minne ya kilo 20 kila mmoja. Hiyo ni kilo 165 zinazoteremka, na breki zikiisha, kinachobaki ni soli ya kiatu kwenye tairi. Mbele yake kuna omong'ina mwenye miaka sabini na kikapu mgongoni, ua wa michongoma kushoto, mtaro kulia. Aruke wapi?

Mfupa wa nyonga ukivunjika katika umri huo, mara nyingi mtu harudi kutembea kama zamani. Na nani analipa? Pikipiki ikikugonga, angalau kuna sheria ya bima, Sura ya 405, inayomlazimu mwenye chombo cha injini kuwa na bima ya watu wengine. Baiskeli haimo. SHA inaweza kusaidia na kitanda kama michango iko sawa, lakini hailipi siku ambazo mama hakuuza mboga. Basi familia mbili maskini zinaketi chini ya mti kujadiliana, moja haina pesa ya kulipa na nyingine haina pesa ya kungoja.

Cha kuudhi zaidi ni kwamba hayo maneno mawili hata si ya kweli. Soma Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, pale inapoeleza maana ya barabara. Inataja mpaka njia ya miguu ambayo umma unaitumia. Kwa hiyo kichochoro chetu ni barabara mbele ya sheria. Ni sisi tulioamua kwamba si barabara, kwa sababu ikiwa si barabara, hakuna wa kuulizwa.

Najua mtaniambia, "Wewe, watu wanakufa kwa pikipiki na matatu, unatuletea baiskeli?" Ndiyo, nawaletea. Kwenye hesabu za NTSA za kila mwaka, watu wa miguu ndio wanaoongoza kwa vifo. Anayetembea ndiye anayeumia, awe amegongwa na nini. Wala si mambo ya kijijini. London mwaka 2016, mwanamke aligongwa na baiskeli isiyo na breki ya mbele akafariki. Ile ilikuwa barabarani kabisa, na bado mwaka uliofuata mwendesha baiskeli alihukumiwa kwa sheria ya 1861, ya enzi za magari ya farasi. Hata wao sheria yao ilikuwa haijamfikiria mtu wa miguu.

Na tusimrukie kijana wa ndizi. Mkimfunga leo, kesho ndizi zitashuka na kijana mwingine, kwenye mteremko ule ule, na breki zile zile. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti barabara za kaunti na huduma za afya. Vyote viwili viko chini ya paa moja, kwa hiyo hakuna wa kurushiana mpira.

Tunachodai si daraja la juu kama la Nairobi. Pale penye mteremko mkali, wekeni ngazi za saruji na chuma cha kushika, na baiskeli zipewe njia yao pembeni. Hospitalini, karani aandike kilichomgonga mgonjwa na mahali alipogongewa, asiishie kwenye "ameanguka". Polisi nao waandike kwenye kitabu cha matukio bila kumuuliza mama kama palikuwa na lami.

Bajeti ya kaunti hupitia vikao vya wananchi kila mwaka. Tuache kwenda kule kwa sababu ya soda. Twende na orodha ya vichochoro, kimoja kimoja, na idadi ya waliovunjika humo.