Urithi Usiongoja Mauti

Wiki hii twawapandisha bara hadi Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, jirani na Meru. Huko ndiko asili ya Profesa Ciarunji Chesaina, aliyepata kufundisha fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mwandishi, na aliyepata kuwa Balozi wa Kenya nchini Afrika Kusini.

Angeweza kutosheka na vitabu vya wageni. Yeye alizifuata ngano, nyimbo, methali na vitendawili vilivyokaa vinywani mwa wazee. Mwaka 1991 alitoa kitabu cha fasihi simulizi ya Wakalenjin. Mwaka 1997 akatoa cha kwao, cha Waembu na Wambeere. Hivyo maneno ya jikoni yakaingia chuoni, yakasomwa kama elimu, si porojo.

Twayataja haya kwa majuto. Nyanya yetu mzaa mama alikuwa akitusimulia baada ya sala ya isha, nasi tukisinzia mapajani mwake. Tulipojua kuandika, tukasema tutamwandika kesho. Alitangulia mbele ya haki, na leo twakumbuka mianzo ya ngano mbili tu. Miisho yake alikwenda nayo.

Basi, enyi akina mama, mwenye nyanya aliye hai asingoje profesa. Usiku huu mpeni mtoto daftari, aketi kitako, amsikilize. Mali ya mirathi hugawanywa baada ya mauti. Urithi huu hugawanywa kabla.