Sehemu ya 6: Sindano haiui mtoto wa degedege
Mama zangu wa Tabora, leo naongea bila kupepesa macho. Acheni kuambizana kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa. Najua mnapolitoa. Mtoto kafukizwa nyumbani siku mbili, anafika wodini kalegea, anachomwa, saa moja baadaye hayupo. Jicho limeona sindano. Vimelea vya malaria vilivyokuwa vinammaliza tangu juzi halikuviona.

Wala si sisi tu, jamani. Stanley alipokaa hapo Kwihara mwaka 1871 homa zilimchapa kwelikweli, na wazungu wa enzi zake walilaumu harufu ya mabwawa. Hata neno malaria maana yake hewa mbaya! Mbu anawauma kila usiku, wao wananusa. Ni mwaka 1897 ndipo Ross alipoona vimelea tumboni mwa mbu.

Kwa hiyo bibi akisema "huyo kapitiwa na ndege", usibishane naye. Akikakamaa mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, kisha bodaboda hadi zahanati, hata kama ametulia. Kipimo cha damu ya kidole kinatoa jibu ndani ya dakika 20.

Na wewe baba, nauli ya bodaboda usiiulize mara mbili.