Cherehani, Kanisa na Kibali

Tanzania imesifiwa sana kwa namna ilivyowapokea Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, na sifa hiyo haikuwa ya bure. Serikali ilitoa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ikaleta fedha, na TCRS, shirika la Kilutheri lililoanzishwa mwaka 1964, likachimba visima na kujenga shule na zahanati. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere akatunukiwa Tuzo ya Nansen, inayotolewa na UNHCR kwa wanaohudumia wakimbizi. Katikati ya muongo huo makazi yalikuwa yanajilisha yenyewe, wafadhili wakafunga virago.

Ila mkimbizi huyo aliyejitegemea kwa kilimo hakuruhusiwa kutoka nje ya makazi bila kibali. Serikali na shirika la kanisa walikuwa wameafikiana, bila hata kubishana, kwamba mkimbizi ni mtu wa jembe na mahali pake ni shambani.

Watoto wake walikataa. Marc Sommers, katika kitabu chake Fear in Bongoland (2001), anawaeleza vijana wa makazi hayo walioishi Dar es Salaam kwa kujificha, wakishona nguo na kujifanya Watanzania. Waliobebwa na kanisa walibebwa na lile la Kipentekoste: mchungaji wa kuwadhamini, mlokole mwenzao wa kuwapokea mjini. Msaada huo haukuwa na gari jeupe wala bendera, lakini ulimfuata mtu alikokwenda.

Mimi naupenda zaidi msaada huu wa pili, japo una kasoro mbili kubwa. Asiye wa dhehebu hana wa kumdhamini. Na aliyedhaminiwa bado anamkwepa afisa uhamiaji, maana mchungaji hatoi uraia.

Serikali ndiyo hutoa, na hapo nayo ilikaribia kuharibu. Mpango ulioanza mwaka 2007 uliwakubalia uraia zaidi ya watu 160,000, kwa sharti la kuhama makazi na kusambazwa mikoani. Miaka 35 waliambiwa wasitoke; sasa waliambiwa watoke, waache mashamba na makaburi. Mpango ukakwama. Vyeti vilianza kugawiwa Oktoba 2014, baada ya sharti hilo kuachwa.

Leo fundi wa Katumba mwenye cheti anapanga chumba Mbagala au Tandale, Dar es Salaam, na akiulizwa kwao ni wapi anajibu bila woga. Mkimbizi Mkongo wa kambi ya Nyarugusu, anayebanwa na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, bado anahitaji kibali, hata akiwa na mchungaji anayemsubiri jijini.